Viti Nilivyowaficha Wenzangu

Nyumba yangu siku hizi ina viti viwili, meza moja, kitanda, jiko la gesi, na kamba ya nguo inayopita kutoka kona hadi kona. Mwezi uliopita msichana mmoja ninayefanya naye kazi alinitembelea. Alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akasema mimi nimejua siri ya maisha. Eti watu wenye akili siku hizi wanaishi hivi, vitu vichache, moyo mwepesi, na akaniomba ruhusa apige picha aweke kwenye simu watu waone. Nilimkatalia kwa ukali hata akashtuka. Baadaye nilimpa chai nikamwomba radhi, lakini sikumweleza chochote. Sipendi kusifiwa kwa ajili ya chumba hiki. Kila kitu ambacho hakimo humu ndani najua kilikwenda wapi na kwa nini, na hakuna hata kimoja kilichoondoka kwa hekima yangu.

Zamani nilikaa nyumba ya vyumba viwili vya kulala hapa hapa Pipeline, nje kidogo ya mji wa Nakuru, mimi na binti yangu. Nilikuwa, na bado niko, keshia katika duka la dawa za mifugo mjini. Jumamosi niliuza nguo za mitumba za watoto. Na nilikuwa mwanachama wa chama cha akina mama kumi na wanne, wengi wetu wa kanisa moja. Tulikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Mwenye zamu anapika, wengine wanakula, pesa zinawekwa mezani, mikopo inaombwa, kisha tunafunga kwa maombi.

Nitasema ukweli kuhusu hizo zamu. Tulijifanya tunaenda kuweka akiba, lakini tulikuwa tunaenda kukagua nyumba. Mwanamke anaingia kwa mwenzake akisifu Mungu, na macho yake yameshafika kwenye kabati la vyombo. Mimi nilikuwa na viti vya mbao alivyoniachia mama yangu, vimefunikwa vitambaa vya kufuma, na kimoja ukikikalia vibaya kinakuchoma msumari. Mwaka ule, zamu yangu ikiwa imebakia miezi miwili, mwenzetu mmoja alisema kwa mzaha kwamba kwangu watakuja na leso za kukunja wakalie, wasitoboke. Watu walicheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Nilipofika nyumbani nilivipiga teke vile viti vya mama yangu. Hadi leo nikikumbuka teke lile naona aibu.

Mwezi uliofuata nikaomba mkopo. Nilisema ni wa kuongeza mzigo wa mitumba, na huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza.

Kwetu mkopo ulikuwa na utaratibu wake. Unaomba mbele ya wote, unakaa, na watu wananyamaza. Kisha mmoja anasimama. Hahutubii, anasimama tu, na katibu anaandika jina lake chini ya lako. Huyo ndiye mdhamini wako. Usipolipa, chama kinakuja kwako na mkokoteni kubeba vitu vinavyotosha deni. Kwako pakiwa hapana kitu, mkokoteni unaelekea kwa aliyesimama. Vitu vinakaa stoo kwa mwenyekiti miezi mitatu, na deni lisipolipwa hapo vinauzwa.

Siku ile hata sikuwa nimekaa vizuri, mama mmoja akawa ameshasimama. Tulimwita Mama wa Sweta. Alikuwa amepita miaka sitini, mjane, na chumba chake kilikuwa nyuma ya ploti yetu, hatua chache kutoka mlango wangu wa jikoni. Dirishani aliweka mashine ya kufuma, na kwa mashine hiyo alifuma sweta za shule, za rangi ya damu ya mzee zenye mstari wa kijivu shingoni. Ya binti yangu aliifuma yeye, akaiongeza upana na urefu ili mtoto akue ndani yake, na akakataa pesa ya kazi, akachukua ya uzi tu. Alikuwa akisimamia karibu kila mtu. Ukifungua daftari la chama, nusu ya majina ya chini yalikuwa jina lake. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajiweka hatarini hivyo, akanijibu kwamba hata yeye hiyo mashine aliinunua kwa mkopo, na kuna mtu alisimama.

Pesa zile sikununua mitumba hata moja. Nilinunua viti vya sofa vya watu saba, vya rangi ya kahawia, nikanunua runinga kubwa, kabati la ukutani lenye vioo, mapazia ya tabaka mbili, na seti ya vikombe ambayo mpaka leo sijui kwa nini ilihitaji visahani vidogo namna ile. Zamu yangu ikafika. Wakaingia, wakakaa, wakabonyezabonyeza viti kwa viganja, na yule wa leso akasema, "Haki wewe umeomoka, umetajirika." Kwa saa tatu nilijiona mtu. Nilikuwa nimekopa pesa za akina mama ninunue viti vya kukalisha akina mama hao hao, na sikuona kichekesho chochote. Mama wa Sweta alikaa pembeni kabisa, kwenye mkono wa kiti, akasema vinampa usingizi.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Nililipa miezi minne. Wa tano nikakopa kwenye simu nilipe chama, wa sita nikakopa kwenye simu nyingine nilipe ile simu ya kwanza, na kufikia Oktoba mshahara ulikuwa ukiingia na kutoka kabla sijauona. Novemba mwenyekiti aliniita kando. Alikuwa mpole. Alisema kanuni ni kanuni, wangekuja Jumanne.

Nilikuwa na siku tano. Mtu mwingine angewapigia akina mama simu aseme njooni mbebe viti vyenu. Mimi nilimpigia dada yangu, anayekaa Gilgil nyuma ya maduka ya barabarani, nikamuuliza kama ana nafasi.

Nilichagua Jumapili saa nne asubuhi kwa sababu nilijua wote watakuwa ibadani. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo wakati ule, ilifanya kazi vizuri sana mahali isipotakiwa. Binti yangu nilimtuma kanisani na jirani. Nikakodi pickup ya buluu, na mwenye gari na mwenzake wakapakia viti, runinga, kabati, mapazia, hata zulia. Saa tano na nusu nilikuwa Gilgil, viti vimepangwa sebuleni kwa dada yangu, vimebanana na vyake. Dada yangu hakuuliza mengi. Alisema tu nisichelewe kuvichukua, kisha akavikalia.

Binti yangu aliporudi kutoka kanisani alisimama katikati ya sebule tupu akauliza kama tumeibiwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ningeweza kumwambia ndiyo, yakaisha. Badala yake nilimkalisha chini nikamfundisha: akiulizwa na mtu yeyote, aseme auctioneer, yule dalali anayebeba mali za wenye madeni akazinadi, alikuja. Nilimkaririsha mara mbili ili asikosee. Alirudia maneno yale akiwa ananitazama usoni, kwa sauti ile ile anayokariri nayo aya za Jumapili.

Jumanne walikuja wanane, na mkokoteni nyuma yao, wakiimba pambio kwa sauti ya chini. Hawakuimba kwa kejeli. Waliimba kwa sababu kazi yenyewe iliwauma, na wimbo uliwasaidia kutembea. Mama wa Sweta alikuwa miongoni mwao, maana mdhamini lazima awepo. Nilifungua mlango nikiwa nalia. Machozi yalikuwa ya kweli, na jambo hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

"Auctioneer alikuja jana," nikasema. "Amebeba kila kitu."

Waliingia. Kwenye sakafu zilionekana alama nne nne za miguu ya viti, na ukutani misumari ya kabati. Mwenyekiti alinikumbatia. Wakashikana mikono wakaniombea, Mungu anifungulie mlango, Mungu awaaibishe wanaonyanyasa wajane na wanawake wanaolea peke yao. Mmoja, yule yule wa leso, alinitilia mkononi noti ya mia mbili nimnunulie mtoto maziwa. Niliipokea na kumshukuru.

Ikaja amina. Hakuna aliyetaka kusema lililofuata, kwa hiyo Mama wa Sweta akalisema mwenyewe. "Haya, twendeni kwangu," akasema, akatangulia.

Nilifuata, maana kubaki nyuma kungeonekana vibaya. Alikuwa na mkono wa sweta nusu kwenye mashine. Aliutoa taratibu asiachie mishono, akaupachika kwenye penseli, akakunja nyuzi, kisha akashika upande mmoja wa mashine, mwenye mkokoteni akashika wa pili. Akina mama kadhaa walikuwa wanafuta macho. Ilipokuwa inafungwa kamba, Mama wa Sweta alinitazama. Akaangalia pembeni, akanitazama tena, muda mrefu kidogo. Mimi nilifikiri ananilaumu kwa deni. Nikainamisha kichwa nikatazama gurudumu la mkokoteni, mpira wake ulikuwa umefungwa kwa waya.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu si refu. Niliogopa kuitwa mwongo na watu waliokuwa wametoka kuniombea. Nilimhurumia sana yule mama, lakini aibu yangu niliihurumia zaidi.

Mtu akikaa karibu na mashine ya kufuma huizoea asiisikie. Krr kwenda, krr kurudi, kuanzia alfajiri. Jumatano ile niliamka nikasikia kimya. Mama wa Sweta alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake na sindano mbili, anafuma kwa mkono. Shule moja ilikuwa imempa oda kubwa ya Januari, na kwa mkono sweta moja ilimchukua siku tatu. Alijua hesabu ile haiwezekani, lakini aliendelea. Wiki ya pili alikuwa amefunga kitambaa kwenye vidole. Nikipita tulisalimiana, akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia vizuri. Nilianza kupitia mlango wa mbele, njia ya mbali, nisimwone.

Wiki ya tatu tulikuwa tunakula ugali, mimi na binti yangu, tumekaa sakafuni. Akaweka tonge chini.

"Mami, si tuwaambie tu viti ziko Gilgil? Wachukue, warudishie Shosho mashine yake."

Nilimfokea. Nilimwambia hajui mambo ya watu wazima, ale anyamaze. Akala, akanyamaza. Alikuwa amevaa ile sweta kwa sababu ya baridi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mikono yake imeanza kumtosha. Sikulala vizuri, lakini sitaki kujipamba kwa hilo, wengi hawalali na bado hawafanyi lolote. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Gilgil.

Sikwenda kurudisha viti Nakuru. Nataka hili lieleweke, nisije nikaonekana bora kuliko nilivyokuwa. Ningevirudisha, chama kingeviona, na uongo wangu ungeonekana navyo. Kwa hiyo niliamua kuviuza mbali, nilipe deni taratibu, mashine irudi, na mtu yeyote asijue. Hata nilipokuwa natengeneza, nilikuwa bado naficha.

Dada yangu alinuna. Watoto wake walikuwa wameshamwaga uji kwenye kiti kimoja na yeye alikuwa ameshaizoea runinga. Tulibishana, akaniambia mimi ndiye niliyemgeuzia nyumba stoo, na alikuwa sahihi. Runinga niliipeleka Salgaa, kwa mwenye hoteli moja ambako madereva wa malori hula. Aliiwasha, akatafuta mpira, akauliza, "Mathe, hii si ya wizi?" Nikamwambia ni yangu, nina risiti. Nilimwonyesha risiti kwa kiburi, hata nikajishangaa kwamba bado nina kiburi cha kuonyesha.

Viti vilikwenda Ndabibi. Mume na mke, wakulima, walikuwa wameuza kabichi vizuri msimu ule. Walivua viatu vya shambani nje ya mlango wao, wakanawa mikono, ndipo wakasaidia kushusha. Mke alikaa kwenye kiti cha katikati polepole, akabonyeza kwa kiganja, akamtazama mumewe akacheka. Mimi nilikuwa nimecheka hivyo hivyo. Nilitaka kumwonya, lakini nimwonye nini? Yeye alinunua kwa kabichi zake.

Kabati lilienda Gilgil penyewe, kwa nusu ya nusu ya bei. Kukawa bado na pengo. Hapo ndipo nilipogeukia vitu ambavyo sikuwa nimevificha, vile vilivyobaki nyumbani kwa sababu mkokoteni usingevitaka. Nilivimwaga kitandani. Mikoba kumi na mmoja, na mimi nina bega moja la kubebea. Viatu vilivyonibana tangu dukani. Sufuria za kupikia wageni arobaini. Nilipanga kila kitu nikakiuliza kilikuja lini, na karibu kila kimoja kilikuja siku ambayo nilikuwa nimerudi kutoka kwa nyumba ya mtu. Niliviuza kwa wenye mitumba wa mjini waliozoea kuniuzia. Kisha nikahama ile nyumba, nikachukua hiki chumba kimoja, ploti ya tatu kutoka pale. Watu wa chama wakasema maskini, auctioneer amemmaliza.

Tukaanza kuishi kidogo. Asubuhi nilipanda gari, jioni nilitembea. Nilipanda sukuma wiki kwenye gunia mlangoni. Maharagwe nilichemsha Jumapili tukala hadi Jumatano. Binti yangu hakulalamika, na hilo nalo liliniuma, kwa sababu mtoto asiyelalamika ni mtoto anayejua kitu. Wapo wanaosema kupunguza vitu kunaleta amani. Labda. Wao hawakuanza kwa kuvificha. Mimi kila kilichotoka kilinifungulia nafasi ya kuona vizuri zaidi nilichofanya.

Januari shule zilifunguliwa kabla sijafika mwisho wa deni. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Mama wa Sweta amesimama kando ya barabara na chupa ya maziwa, watoto wanapita. Ile shule ilikuwa imempa oda mtu mwingine. Sweta mpya zilipita mbele yake moja baada ya nyingine, za rangi ile ile, zenye mstari ule ule. Alimshika mtoto mmoja begani, akavuta shingo ya sweta kidogo, akaiangalia ndani.

"Wamevuta uzi sana hapa kwa kola," akaniambia. "Ikioshwa itapanda."

Kisha akaniaga akaenda zake. Deni la chama lilikuwa na daftari na lilikuwa linapungua. Januari yake haikuandikwa popote, na sikuwa na kitu cha kuuza ili kuilipa.

Wiki ya mwisho ya Februari, siku nne kabla ya miezi mitatu kutimia, nilimpelekea mwenyekiti pesa zilizobaki. Alizihesabu, akanishika mikono yote miwili, akasema mimi ni ushuhuda. Nilimwomba mashine siku hiyo hiyo. Stooni walikuwa wamepanga sufuria juu yake, na sindano mbili zilikuwa zimepinda. Nilisukuma mkokoteni mwenyewe pamoja na mwenye mkokoteni, nikaona watu wananitazama, na nikaona heri wanitazame.

Mama wa Sweta aliifuta vumbi, akanyoosha sindano kwa koleo, akatia uzi. Ule mkono wa sweta ulikuwa bado kwenye penseli, amefunika kwa karatasi. Alivuta mashine mara moja, krr, akasikiliza, akarudisha. Nikaona sasa ndiyo saa yenyewe.

"Mama, kuna kitu nataka kukuambia."

"Niliona hiyo pickup," akasema bila kugeuka. "Ilikuwa blue. Kwanza walitoa ile kiti kubwa, halafu TV imefungwa blanketi."

Nilimuuliza aliona vipi, siku ile ilikuwa Jumapili, watu wote walikuwa kanisani.

"Sikuenda. Nilikuwa hapa kwa dirisha nafanya kazi, niko na oda." Akacheka kidogo, mara moja tu. "Sasa ningewaambia nimekuona, wangeniuliza mbona nafuma sweta siku ya Bwana. Lakini si hiyo ilinifungia mdomo. Ningesema tu, waniseme."

"Basi mbona hukusema?"

Hapo akageuka.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Tukiwa kwako nikasema, wacha wamalize kuomba, atasema. Wakaomba wakamaliza. Wakashika mashine, nikakuangalia, nikasema sasa atasema. Wakafunga kamba, nikasema haya, sasa." Alipapasa uzi kwa vidole, vilikuwa bado vimevimba kwenye viungo. "Mpaka mkokoteni ikapita hapo kona bado nilikuwa nangoja."

Nilipiga magoti. Aliniinua kwa kiwiko, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia.

"Usiniombe msamaha leo," akasema. "Ukiniomba nitasema nimekusamehe, na itakuwa uongo. Uongo tumekuwa nayo ya kutosha. Enda tu nyumbani."

Nikaenda nyumbani. Machi na Aprili tulisalimiana kama majirani. Nikipita asubuhi nilisikia mashine inalia kama zamani, ingawa alikuwa na oda chache, za watoto wa hapa na pale.

Mei zamu yangu ya kukaribisha chama ikarudi. Niliazima mabenchi mawili ya kanisa, nikatandika mkeka kwa walio na magoti mazuri, nikapika githeri na chai. Hakuna aliyekagua kitu, maana hapakuwa na cha kukagua. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kunitaja. Alisema mwenzetu alinyang'anywa kila kitu na auctioneer, lakini hakukimbia, alijinyima hadi akalipa shilingi ya mwisho, na kila mwenye deni aige mfano huo. Wakanipigia makofi. Mama wa Sweta alikuwa kwenye benchi la dirishani, na uzi mapajani. Mikono yake haikupiga makofi wala haikukataa kupiga, ilikuwa na kazi.

Ikafika zamu ya mikopo. Aliomba mmoja tu, mwanachama mpya, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, anataka meko ya kuchomea chapati barabarani. Akaeleza, akakaa. Tukanyamaza tungoje mtu asimame. Kwa kawaida kimya kile kilikuwa kifupi, kwa sababu Mama wa Sweta alikuwa anakimaliza yeye. Mara hii kiliendelea. Watu wakaanza kumtazama. Yeye aliendelea kufuma.

"Mama, leo magoti imekataa?" mwenyekiti akamtania. Watu wakacheka kidogo. Yule wa leso akasema, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, kwamba siku hizi Mama wa Sweta amekuwa mgumu, mashine ilimrudia lakini moyo haukurudi, na hali mwenye deni alilipa lote bila kumdhulumu mtu.

Yule mama kijana alikuwa ametazama sakafu, masikio yamemwiva. Mama wa Sweta aliinua macho akanitazama. Niliyajua yale macho. Yalikuwa yale yale ya siku ya mkokoteni, na safari hii hapakuwa na gurudumu la kutazama.

Nikasimama.

Katibu alidhani nataka kumdhamini kijana. Akaniambia kwa upole nikae, aliyewahi kushindwa kulipa hawezi kumsimamia mtu hadi miaka miwili ipite, kanuni haijabadilika. Mwenyekiti akatikisa kichwa kunisifu kwa moyo mwema. Binti yangu alikuwa mlangoni ameshika birika la chai, na yeye pia alikuwa ananitazama.

"Sisimamii mtu," nikasema. "Hakuna auctioneer alikuja."

Sauti yangu ilitoka nyembamba, ikabidi nirudie. Siku ile ilikuwa ya mwisho kwangu kuwa mwanachama, na nilijua hivyo nikiwa bado nimesimama. Niliwaambia yote, kuanzia viti hadi Gilgil, Salgaa na Ndabibi, na ile mia mbili ya maziwa, na Jumapili ile saa nne asubuhi walipokuwa wote ibadani. Nilisema wote, ingawa nilijua kuna mmoja ambaye hakwenda, na nikaliacha neno hilo hivyo hivyo. Dirishani Mama wa Sweta alikuwa ameweka uzi chini.